Strungi Yako Iko na Metali? Hii Ndio Rada Kutoka Mashamba ya Mosocho

Kabla chai ifike kwa kikombe chako mtaani, ilianzia kwa mchanga. Na kama shags zenu ni Mosocho, Nyamache ama Kebirigo, huo mchanga ndio umelipa fees na kuleta bonasi nyumbani. Kwa hivyo stori ya metali nzito kwa majani chai inakuhusu mara mbili: unakunywa, na mathe anauza.

Metali nzito ni gani?

Zile za kuogopa ni risasi, kadimiamu na aseniki. Risasi huharibu ubongo wa watoto, na WHO inasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu nayo hulenga figo. Shaba na zinki mwili unazihitaji, lakini kidogo tu.

Zinaingia shambani aje?

Zingine zimekuwa kwa mawe tangu zamani. Kadimiamu huja na mbolea ya fosfeti, kwa sababu mawe yanayotengeneza hiyo mbolea huwa nayo. Ulaya iliiwekea kikomo 2022: miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfeti.

Halafu kuna barabara. Kenya iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi haiozi. Ile iliyotua kando ya barabara kubwa kama ya Kisii–Kisumu hukaa tu kwa mchanga wa juu.

Asidi ndio hufungua mlango

Metali ikiwa imeshikwa na mchanga, mizizi haiipati kirahisi. Mchanga ukizidi asidi, inaachiliwa. Chai hupenda pH ya kama 4.5 hadi 5.6, lakini mbolea ya kila mwaka huivuta chini. Gunia la kilo 50 la NPK 26:5:5 lina kilo 13 za naitrojeni, na bakteria wakibadilisha ile ya amonia wanaacha asidi. pH ikitoka 5 hadi 4, asidi imeongezeka mara 10.

Usikimbie kumwaga jivu ama chokaa bila kupima, though. Wazee wanajua: mahali palikuwa na boma na jivu lilirundikwa, chai hugeuka njano na kukauka. pH ikipanda sana, mmea unalia.

Majani mawili na chipukizi

Hapa ndio kuna kitu kali. Chai hupenda aluminiamu na huiweka akiba kwa majani yake. Aluminiamu si metali nzito, lakini inaonyesha vile mmea hufanya kazi. Majani mazee yanaweza kufika miligramu 30,000 kwa kilo moja iliyokauka. Machanga? Karibu 600. Floraidi pia hurundikana kwa majani mazee.

So ile sheria ya kuchuna majani mawili na chipukizi si ya ladha na bei pekee. Inamlinda mnywaji. Broker akichukua kila kitu, mazee na vijiti, analeta pia kile mmea ulikuwa umeficha.

Kwa kikombe je?

Usitupe sufuria. Metali haitoki yote kwa maji. Nyingi hubaki kwa makapi. Lakini ukichemsha sana, unatoa zaidi. Weka majani maji yakishachemka, acha dakika chache, chuja. Na yale makapi ya jana usiyarudishe jikoni.

Mkulima afanye?

Apime mchanga kabla ya kuongeza chochote. Taasisi ya utafiti wa chai iko hapo tu Kericho. Aache matawi ya kupogoa shambani yaoze yawe mboji, kwa sababu mboji hushikilia metali. Asichomee takataka za plastiki na betri kati ya mistari ya chai. Na kama mistari ya kwanza inagusa lami, aweke ua mnene hapo kati.

Ukienda shags Disemba, uliza mathe swali moja: mchanga ulipimwa lini mara ya mwisho?