Sura ya Saba: Tundu na Njia Yake

Disemba inapofika, magari kutoka Dar es Salaam hupinda Himo, hupanda Marangu na kuingia Rombo yakiwa yamejaa watu wanaokuja kula Krismasi nyumbani. Kwenye buti, katikati ya mfuko wa mchele na zawadi za bibi, mara nyingi kuna laptopu kuukuu. Mjomba amenunua nyingine, hii anampa mpwa. Mpwa anaivumilia mpaka sikukuu ipite, kisha anaipeleka kwa fundi mjini Mkuu na kuuliza swali lililonifanya niandike sura hii: "Kaka, hii inaongezeka?"

Ukifungua ubavu wa kompyuta ya mezani unakuta uwanja. Matundu marefu yamejipanga, kila moja linasubiri kadi yake. Laptopu imebanwa kama Coaster ya jioni, kila milimita ina mwenyewe. Hata hivyo nafasi zipo, na nyingine zinadanganya. Kadi inaweza kuingia vizuri, ikatulia, hata skrubu ikafungika, na isifanye lolote. Tundu ni umbo tu. Kazi inafanywa na njia, yaani nyaya zilizochorwa ndani ya bodi kutoka kwenye tundu hilo kwenda kwa prosesa, na njia hiyo iliamuliwa kiwandani.

Nichukue mashine moja ninayoifahamu. Ilikuwa Lenovo ThinkPad X220, toleo la 2011, mali ya kijana anayepiga video za kipaimara na harusi. Ilikuwa na afya njema. Kibodi imara, betri inadumu, na RAM ilikuwa imekwishaongezwa mpaka gigabaiti 16, ingawa karatasi za mtengenezaji zinataja 8 tu. Kilichomkera ni kukopi. Video ya gigabaiti 32 kwenda diski ya nje ilimchukua dakika kama 18, na mteja yuko mlangoni anaangalia saa. Diski haikuwa na kosa. Matundu ya USB ya mashine yake yalikuwa ya toleo la 2.0, ambalo kwenye karatasi hubeba megabiti 480 kwa sekunde, yaani megabaiti 60. Ukishatoa gharama za mazungumzo kati ya vifaa, unabaki na 30, ukibahatika 35.

Ubavuni mwa X220 kuna mdomo mwembamba, na mashine ilipouzwa mpya ulizibwa kwa kipande cha plastiki. Kijana alikaa na mashine miaka miwili akidhani ni pambo. Kile ndicho kitundu cha ExpressCard.

Babu yake aliitwa PC Card. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1990 na PCMCIA, chama cha watengenezaji kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla. Urefu wa milimita 85.6 na upana wa 54, sawasawa na kitambulisho chako cha NIDA, ila unene ulitofautiana: 3.3, 5 au 10.5. Enzi hizo laptopu ilitoka kiwandani bila mtandao na bila modemu, ukavinunua vikiwa kadi, ukavichomeka kama kaseti. Mwaka 1995 ikaja CardBus, umbo lile lile lakini njia tofauti, biti 32 badala ya 16. Utaitambua kwa ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu karibu na pini. Tundu la CardBus hupokea kadi za zamani bila shida. Tundu la zamani halipokei CardBus. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa matundu yanayofanana sura na kutofautiana tabia, na tangu hapo hali haijawa bora.

CardBus ilikuwa tawi la PCI, njia ya pamoja ya kadi za kompyuta, na PCI ilifanya kazi kama mfongo. Mtu wa Machame au Kibosho hahitaji kuelezwa: maji yanakingwa kijitoni juu, yanashuka kwa mfereji mmoja, na vihamba vyote vinakunywa humo kwa zamu. Jirani akiwa kwenye zamu yake, wewe unasubiri. PCI nzima ilikuwa na megabaiti 133 kwa sekunde za kugawana, sauti, mtandao na kadi yako wote wakiwa mfereji mmoja. Ilipokuja PCI Express, mfongo uliachwa, kila kifaa kikavutiwa bomba lake kutoka kwenye tangi. Bomba moja la toleo la kwanza hupitisha megabaiti 250 kwenda na 250 kurudi, na hakuna wa kukuwekea zamu. Anayehitaji zaidi anavutiwa mabomba mawili, manne, hata 16 sambamba. (Sisi wa Rombo, ambao vijito vimetunyima tangu enzi za mababu, tuliwahi kuona faida ya bomba kabla ya wenzetu.)

ExpressCard, iliyotoka mwaka 2003, ilileta bomba moja la namna hiyo mpaka ubavuni mwa laptopu. Pembeni ya bomba hilo, katika tundu hilo hilo, zilipita nyaya za USB 2.0 pia. Mtengenezaji wa kadi alichagua mwenyewe apite njia ipi. Kwa hiyo kulikuwa na kadi mbili zenye umbo moja, moja ikienda mbio, nyingine ikitambaa kwa sababu ndani yake ni USB ile ile uliyokuwa unaikimbia. Kwenye boksi zote zimeandikwa ExpressCard.

Kijana alishuka Moshi, akazunguka maduka ya vifaa, akarudi na kadi ya USB 3.0 ya aina nzuri, inayopita kwenye bomba. Muuzaji alimwambia, "Hii inaingia mashine zote." Kuingia iliingia. Mashine ikaitambua, draiva ikakubali. Diski ya nje ilipochomekwa, ikalia tik, tik, tik, ikanyamaza.

Hapa wengi hurudisha kadi dukani na kugombana. Tundu la ExpressCard hutoa umeme wa volti 3.3 na 1.5 tu. Diski ya USB inataka volti 5. Kadi hulazimika kuupandisha umeme mdogo iliopewa, na ule unaopatikana hautoshi kuzungusha diski yenye mota. Ndiyo maana kadi nyingi za aina hii zina kijitundu kidogo pembeni cha kuletea umeme kutoka kwingine. Boksi lilikuwa na waya wake mwembamba, umeviringwa chini ya karatasi ya maelekezo ambayo hakuna aliyeisoma, na mimi pia sikuisoma. Tukachomeka upande mmoja kwenye kadi, upande wa pili kwenye USB ya zamani ya mashine. Diski ikazunguka. Gigabaiti 32 zikaisha kwa dakika tano na ushee. Sasa aliyekuwa anachelewesha ni diski yenyewe.

Matundu ya ubavuni yamekwisha zama zake. USB 3.0 ilipoenea, watengenezaji wakayaziba, na upanuzi ukahamia tumboni, chini ya mfuniko. Huko tatizo la tundu na njia ni kubwa zaidi.

Fungua X220, utaona matundu mawili ya Mini PCI Express, kadi za upana wa milimita 30 zenye pini 52. Moja ni la waifai. La pili ni la modemu ya laini ya simu, na ndilo peke yake lenye nyaya zinazofika kwenye kidroo cha SIM kilicho chini ya betri. Weka modemu kwenye tundu la waifai, hata likikubali, haitaiona laini yako kamwe. Halafu kuna jambo la kuchekesha. Tundu hilo la modemu, kwenye mashine hii, linapokea pia SSD ndogo iitwayo mSATA, ambayo kwa umbo na pini ni pacha wa Mini PCI Express lakini inazungumza lugha ya diski. Kwenye laptopu nyingine, SSD hiyo hiyo itakaa kwenye tundu linalofanana na hilo na kuwa kipande cha plastiki kisicho na faida. Ushauri wangu kwa wa Mkuu: modemu ya ndani achana nayo, simu yako inagawa intaneti vizuri tu. Nafasi hiyo ipe SSD.

Kadi ya waifai ina kikwazo kingine ambacho si cha nyaya. BIOS ya baadhi ya ThinkPad na HP za miaka ile hutunza orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka isiyo kwenye orodha, mashine inakataa kuwaka. ThinkPad huandika kosa namba 1802 na kusimama hapo. Kadi nzima, bodi nzima, lakini geti limefungwa. Mafundi wengi wameua kadi nzuri kwa kuzihukumu kuwa mbovu kwa sababu ya namba hiyo.

Laptopu za karibuni zina M.2, kadi za upana wa milimita 22 zinazotajwa kwa namba: 2280 ni upana wa 22 na urefu wa 80, 2242 urefu wa 42, waifai nyingi ni 2230. Tazama mapengo kwenye ukingo wenye pini. SSD ya SATA, ile lugha ya diski, kwa kawaida ina mapengo mawili, ile ya NVMe inayotumia mabomba manne ya PCI Express ina moja. Lakini usiyaamini mapengo kwa kiapo. SSD ya SATA yenye mapengo mawili huingia kwenye tundu la NVMe bila ubishi, na kama njia ya SATA haikuvutwa pale, haitaonekana. Hata USB-C ina ugonjwa huo: tundu la Thunderbolt 3 hubeba mabomba ya PCI Express hadi nje, ukaweza kuunganisha kadi ya michoro mezani, na tundu la jirani yake lenye sura ile ile halibebi.

Kuhusu kufungua kwenyewe sina mengi. Zima kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja, toa betri, au kama ni ya ndani, chomoa waya wake kwanza. Juni na Julai, Mkuu mzima unapovaa masweta, gusa chuma kikubwa kabla ya kugusa bodi, maana sweta hubeba umeme tuli. Kadi huingia kwa mshazari, halafu ndipo unaibonyeza ilale na kufunga skrubu. Ikikataa, usilazimishe, huenda pengo limekuambia ukweli.

Kwa hiyo, kabla hujapanda gari kwenda Moshi kununua kadi, geuza laptopu yako, tafuta jina kamili la toleo lililoandikwa chini yake na ulipige picha. "Ni HP" au "ni Dell" haimsaidii fundi wala muuzaji. Na unapoileta kwa fundi, tafadhali, njoo na chaja yake.