Mpenzi Karudi Chuo: Msikubali Penzi Lidisko

Kama mwenzako ni mwalimu au nesi, huenda umeshaisikia hii: "Mpenzi, nataka nirudi chuo." Raha kusikia, lakini hapo ndipo penzi linapopimwa.

Habari njema kwanza. Kusaka digrii si lazima kufungasha kwenda Dar au Dodoma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo cha Mkoa wa Ruvuma pale Songea. Unasoma huku unapiga kazi. Kutoka Mbinga ni kama kilomita 100, na lami siku hizi inashuka mpaka Mbamba Bay.

Sasa tuambizane ukweli. Ukisomea nyumbani, hosteli ni chumba chenu. Madesa yapo kitandani, taa inawaka saa saba usiku, na mwingine kageukia ukutani akijiuliza kama bado anapendwa. Asiyesoma anaona katelekezwa, anayesoma anaona haeleweki. Wote wana haki.

Wamatengo wanajua kugawana kazi. Kwenye kilimo cha ngoro, kwa desturi mwanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, mwanamke huchimba na kuzifukia. Mmoja akizembea, shamba halitoki. Basi kabla ya kujisajili, kaeni mkubaliane haya:

Mshiko. Hela ya kahawa ikiingia, tengeni ada kabla ya kuwaza sofa mpya. Na kama kuna aliyesoma kwa bumu, aseme mapema. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Usisubiri mwenzio aligundue mmeshapanga harusi!

Muda. Chagueni jioni moja kwa wiki isiyo na kitabu wala simu. Kaeni ufukweni, mle mbasa wa kuchoma, mpige stori zisizohusu mitihani.

Usingizi. Kukesha mfululizo kuelekea pepa ni kujimaliza. Ubongo unahitaji usingizi ili ushike ulichosoma. Ukimwona mwenzio anasinzia juu ya daftari, mfungie kitabu, mwambie akalale.

Ulimi. Akipata sapu, usimtangaze kwa mawifi na mashemeji. Sapu inarudiwa, lakini aibu uliyomtia mbele ya ndugu haisahauliki.

Wivu. Kuwa na kundi la kujisomea si kuwa na mchepuko. Waalike nyumbani, uwapikie chai, uwajue kwa majina. Na wewe unayesoma, usifiche simu.

Swali la kuulizana leo usiku, kabla hamjazima taa: siku ya mtihani, nani atampeleka mtoto shule na nani atabaki dukani? Mkilijibu bila kununiana, kajisajilini.