Chapaa ya Giza, Msoto wa Mbalamwezi

Oya wana wa Mara, leo tuongee mkwanja kiutu uzima.

Pale Mwigobero, Musoma, mwezi ndio bosi. Giza likiwa totoro, mitumbwi inaingia ziwani na taa zake, dagaa wanajaa, asubuhi mwaloni ni shangwe: ndoo zinashuka, tajiri anagawa, msela anaondoka na wekundu wa Msimbazi kadhaa mfukoni. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa, nyavu zinapumzishwa, na msela yuleyule anaanza kukopa chipsi. Bunda pamba ikinunuliwa mji unachangamka, boda hazikamatiki. Msimu ukikata, stendi inapoa. Butiama, mwana aliyekutana na dhahabu kule Buhemba anakula bata Ijumaa, Jumatano anaomba jero ya vocha.

Yaani hela tunaipata. Noma ni kwamba inakuja kwa mafungu, nasi tunaimaliza kwa mafungu hayohayo.

Sasa kuna mchongo unaitwa vipande. Watu kibao, kuanzia mama ntilie mpaka mwalimu, wanaweka hela kwenye mfuko mmoja, na kila mtu anapata vipande kulingana na alichoweka. UTT AMIS, ambayo ni ya serikali, inauzungusha mfuko huo: hatifungani, amana za benki, na kwa mifuko mingine, hisa za Soko la Dar. Mfuko ukivuna, bei ya kipande chako inapanda. Ukiyumba, nayo inashuka, kwa hiyo usidanganywe kwamba hapa hakuna hasara.

Chagua mfuko kulingana na mishe zako. Mtu wa dagaa aangalie Ukwasi: hauna makato ya kuingia wala kutoka, na ukiomba hela yako unaipata ndani ya siku chache za kazi. Hela ya giza inakuvusha mbalamwezi bila kumpigia mtu magoti.

Mwana wa boda Bunda aucheki mfuko wa Hatifungani, ulioanza 2019. Unaingia na Sh 50,000, ukiongeza hata 5,000 inapokelewa. Akishatoa hesabu ya bosi na mafuta, ile buku mbili inayoishia kwenye mkeka kila siku ni elfu 60 kwa mwezi. Kiingilio tayari, na chenji juu. Aliyeuza pamba au ng'ombe akapata kibunda cha milioni 10 anaweza kuchagua gawio la kila mwezi: mshiko unaingia hata mvua ikigoma.

Mwenye roho ya subira ana Umoja, mkongwe wa mifuko yote. Mwaka 2005 kipande kiliuzwa Sh 70. Siku hizi kimeshavuka buku. Ila usivimbe, maana buku ya 2005 ilikuwa inanunua vitu vingi kuliko ya leo. Siku hizi UTT haiko peke yake: Faida Fund ya Watumishi Housing iliingia mtaani 2022, kwa hiyo linganisha kabla hujatupa hela.

Tahadhari mbili. Kama una deni la kausha damu, lipa hilo kwanza. Hakuna kipande kitakachokimbizana na riba ile. Pili, vipande visiue mishe yako. Nyavu zikitoboka, nunua nyavu. Boda ikidai tairi, weka tairi. Mfuko ni mguu wa pili, wa kwanza unabaki kuwa jasho lako.

Halafu kuna wale wa "weka laki, wiki ijayo chukua mbili". Wakubwa zetu waliambiwa wapande mbegu kwenye upatu wa DECI, mpaka serikali ikapiga stopu 2009, na wengi wakabaki na risiti tu. Mtu akikuletea ngonjera hizo, muulize kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kiko wapi. Akianza kung'aka, piga kiki, sepa.