Je, Wajua? Polisi Ndani ya Genge, Jambazi Ndani ya Sare

Je, wajua kwamba usiku Martin Scorsese alipopata tuzo yake ya kwanza ya Oscar, filamu iliyompa hadithi ile ilitangazwa kuwa ya nchi nyingine? Ilikuwa 25 Februari 2007. The Departed, filamu yake ya Boston, ilizoa tuzo nne: filamu bora, uongozaji, uhariri, na mswada uliotokana na kazi ya awali. Mswada ulipotajwa, sauti ya mtangazaji ikasema chimbuko lake ni filamu ya Kijapani. La hasha. Infernal Affairs ilitoka Hong Kong Desemba 2002, ikiongozwa na Andrew Lau na Alan Mak, na kwao ilikuwa imeshatwaa tuzo ya filamu bora kabla Boston haijaingia kwenye hadithi hata kidogo.

Kwa asiyeijua, kisa ni hiki. Kijana mmoja anaondolewa chuo cha polisi kwa madai ya utovu wa nidhamu, kumbe ametumwa ajipenyeze kwenye genge. Kijana wa pili ni mtoto wa genge lilelile, na bosi wake anampeleka kwenye chuo hichohicho avae sare. Miaka inapita. Operesheni moja ya dawa za kulevya inaharibika, pande zote mbili zinang'amua kuwa kuna pandikizi, na kila kijana anapewa kazi ya kumsaka mwenzake. Sijui kisa kingine cha polisi kinachoweza kuelezwa kwa maneno machache hivyo na bado kikamkosesha mtu usingizi.

Je, wajua kwamba Hong Kong nayo ilikuwa imeazima? Alan Mak alisema wazo lilimjia kutokana na Face/Off ya 1997, ile ambayo John Travolta na Nicolas Cage wanabadilishana nyuso. Mak alitaka watu wabadilishane maisha bila kisu cha daktari. Na Face/Off iliongozwa na John Woo, aliyejijengea jina Hong Kong kabla ya kuhamia Hollywood. Kwa hiyo hadithi ilivuka Pasifiki pamoja na John Woo, ikarudi nyumbani, kisha ikavuka tena hadi kwa Scorsese. Anayebishana kuhusu nani alimwibia nani ana kazi kubwa.

Na usichanganye majina. Andy Lau anaigiza pandikizi wa genge anayeitwa Lau, chini ya mwongozaji anayeitwa Andrew Lau, na watu hao si ndugu. Upande wa pili yupo Tony Leung, mwenye macho yanayofanya kazi ambayo waigizaji wengine huhitaji ukurasa mzima wa maneno kuifanya.

Ya Hong Kong ina dakika 101, ya Boston 151. Dakika hamsini za ziada zilikwenda wapi? Nyingi zimemwendea Jack Nicholson. Bosi wa genge wa Hong Kong, anayeigizwa na Eric Tsang, ni mtu mfupi mchangamfu anayekula huku akitisha, na anaonekana kwa kiasi. Costello wa Nicholson anajaza kila chumba anachoingia. Nyingine zimekwenda kwenye matusi, na hapo hakuna aliyelalamikia uhaba.

Kilichopotea ni kidogo lakini kinauma. Karibu na mwanzo wa Infernal Affairs, wanaume hao wawili wanakutana katika duka la redio na spika. Mmoja ndiye anayeuza, mwingine mteja. Wanakaa kimya bega kwa bega, wanasikiliza wimbo wa zamani, kisha wanaachana bila yeyote kumjua mwenzake. Boston haina kitu kama hicho. Tena, kachero wa Hong Kong anampelekea mkubwa wake habari kwa kugonga kidole alama za Morse. Wa Boston anatumia simu. Hong Kong kuna daktari wa akili anayemtibu kachero na mwanamke mwingine anayeishi na pandikizi. Boston iliwaunganisha wanawake hao wakawa mtu mmoja, Madolyn wa Vera Farmiga, na hapo nasema Marekani ilishinda: mwanamke mmoja kuaminiwa na waongo wawili ni jambo zito kuliko wanawake wawili kila mmoja na wake.

Sasa mwisho, na kama hujaziona filamu hizi ruka aya mbili.

Sisi tuliolelewa na mabanda ya video tunajua sheria: staring hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, akaning'inia kwenye helikopta, lakini hafi. Infernal Affairs inamuua staring mlangoni mwa lifti bila hata muziki wa kuaga, na pandikizi anabaki hai akiwa na sare na heshima. Filamu inaanza kwa kutaja jehanamu ya Kibuddha isiyo na kikomo, na adhabu ya Lau ndiyo hiyo: kuishi miaka yote iliyobaki akijijua. Kwa baadhi ya masoko, likiwemo China Bara, mwisho huo ulionekana kumpendelea mhalifu, ukapigwa mwingine ambamo Lau anakamatwa.

Scorsese naye hakumwacha pandikizi wake apone. Aliyemwezesha kufanya hivyo ni Dignam wa Mark Wahlberg, mhusika ambaye hayupo Hong Kong. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Hong Kong, mkubwa mmoja tu ndiye anayemjua kachero, na akishatupwa kutoka ghorofani, mtu yule anabaki faili kwenye kompyuta, na faili hufutika. Boston, wanaojua ni wawili. Mmoja anakufa, wa pili anajiuzulu kwa hasira, na kwa kuwa bado yuko hai anayejua, kisasi kinawezekana. Toleo la kwanza linauliza mtu hubaki nani jina lake likishafutwa. La pili linauliza nani atalipa. Mimi nalipenda la kwanza, ingawa nimelitazama la pili mara nyingi zaidi.

Je, wajua kwamba The Departed ilipoingia sinema Oktoba 2006, mtu aliyechangia sura ya Costello alikuwa bado mafichoni? James "Whitey" Bulger, kiongozi wa genge la Boston, alikuwa mpashaji habari wa FBI kwa miaka mingi, na alitoroka mwishoni mwa 1994 baada ya kudokezwa na John Connolly, afisa aliyepaswa kumsimamia. Alinaswa Juni 2011 huko Santa Monica, California, mzee wa miaka 81. Aliuawa gerezani Oktoba 2018. Kwenye filamu pandikizi ni mtoto wa genge ndani ya polisi; kwenye maisha halisi jambazi na afisa walikuwa wakifaidiana, na hakuna aliyejua nani anamtumikia nani.

Afrika Mashariki kuna namna yetu ya kutengeneza filamu upya, nayo haihitaji kamera. Kenya tuna DJ Afro anayesimulia juu ya picha kwa Kiswahili na Sheng. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo na wenzake. Msimuliaji huwapa wahusika majina ya mtaani, hutoboa siri kabla ya wakati na humcheka jambazi usoni. Kisa cha mapandikizi wawili ni mtihani kwake. Utamu wote uko katika mtazamaji kujua asichokijua mhusika, na msimuliaji anayeropoka "huyo ni polisi!" dakika ya tatu ameiua picha. Au ameifanya ya kuchekesha, ambayo si hasara.

Hata riwaya zetu za upelelezi zilianza kwa kuazima. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, ana kiko na akili za Sherlock Holmes, lakini anatembea Unguja.

Swali lililonikaa ni hili: hadithi ya mapandikizi wawili ingeigizwa upya Nyamira, kaunti ya Ugusii nchini Kenya, ingekuwaje? Nadhani ingevunjika dakika ya kumi. Mgeni akifika Kebirigo au Nyamira mjini na kukaa siku mbili, swali atakaloulizwa si jina lake. Ataulizwa ni mtoto wa nani, wa ukoo gani. Hata majimbo ya uchaguzi yamebeba koo: Mugirango Magharibi, Mugirango Kaskazini, Kitutu Masaba. Kaunti ina watu 605,576 kwa hesabu ya 2019, na utadhani nusu yao wameketi kwenye kituo cha kununulia majani chai wakikuangalia. Hong Kong inaweza kufuta faili. Hapa faili ni mama mmoja anayekumbuka babu yako alioa wapi, na huyo hana kitufe cha kufuta. Naye askari aliyetoka kaunti nyingine atafichuliwa na lafudhi kabla hajamaliza kusema bwakire, salamu ya Kigusii.

Lakini kaunti hiyohiyo ina Borabu. Ile ni ardhi iliyokuwa ya walowezi Wazungu, ikagawanywa kwa skimu za makazi wakati wa uhuru, na familia zilihamia kutoka sehemu mbalimbali za Ugusii. Jirani yako Nyansiongo huenda si wa ukoo wako. Ng'ambo ya mpaka ni Sotik, kwa Wakipsigis, na wizi wa ng'ombe kwenye mpaka huo umeleta vita na usuluhishi kwa vizazi. Ningekuwa mwandishi wa mswada ningeanzia hapo: kijana mmoja ndani ya genge la wezi wa mifugo, mwingine kwenye kituo cha polisi, na simu zinazoita usiku kabla ya kila msako. Hakuna ghorofa ya kutupia mtu, lakini genge la Manga lipo, namaanisha ule mwamba unaoanguka wima.

Wanaotaka kisa kilichotokea kweli waende Mombasa. Mwaka 2014 watu waliojidai mawakala wa wauza dawa wa Colombia walifanya mazungumzo na ndugu Baktash na Ibrahim Akasha, wana wa Ibrahim Akasha aliyepigwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanunuzi hao walikuwa wametumwa na DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya. Walipokea kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini jijini Nairobi, na 9 Novemba mwaka huohuo ndugu hao wakakamatwa Mombasa pamoja na wenzao.

Hapo ndipo kisa kinapofanana na Infernal Affairs kuliko The Departed. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilijikokota mahakamani hadi Januari 2017, walipokabidhiwa kwa Wamarekani na kusafirishwa hadi New York. Oktoba 2018 walikiri makosa, na miongoni mwa waliyokiri ni kuwahonga maafisa wa Kenya ili kesi isiendelee. Yaani genge lilikuwa na wanunuzi bandia mezani, na wakati huohuo serikali ilikuwa na watu wa genge ndani ya ofisi zake. Baktash alihukumiwa miaka 25 Agosti 2019, Ibrahim miaka 23 Januari 2020.

Na Wajapani? Walitengeneza toleo lao la Infernal Affairs kwa ajili ya televisheni mwaka 2012, linaitwa Double Face. Yule mtangazaji wa Oscar alikosea kwa miaka mitano tu.