Kwa Busti, Masikio Hayatoshi

Wasee wa Subaru, unaweza weka tabo kubwa na ekzosi ya inchi tatu, mbogi yote hapo base ishtuke vile ndai inanguruma. Lakini kama hujui injini inapata hewa ngapi na petroli ngapi ukikanyaga mpaka chini, hiyo ni kamari. Na EJ25 ya tabo inajulikana vile ni noma: ikinoki kwa busti, pistoni inapasuka hapo kwa ringi. Hiyo ngori huisikii ikija, sanasana na ekzosi inapiga kelele hivyo.

Ndai mob za kitambo zilikuja na sensa ya oksijeni ya narobendi kwa ekzosi. Hiyo inajua kitu moja: uko juu ama chini ya 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Volti yake inaruka kati ya 0.1 na 0.9, basi. Kwa jam ya Thika Road hiyo inatosha. Kwa busti itakushow tu mafuta iko mingi, haitakushow kama ni 11.5 ama 13.5, na hapo ndio pistoni huokolewa ama huzikwa.

Waidibendi, kama Bosch LSU 4.9, iko na rieng ingine. Inajipasha moto hadi karibu digrii 780, alafu ndani kuna kapampu kanasukuma oksijeni, iingie ama itoke, mpaka mambo ibalance. Stima yenye imetumika kwa hiyo kazi ndio jibu lako. Manze, hiyo akili hunibamba kuliko tabo yoyote! Matuna wengi, yaani mafundi wa kutuni injini, hupeleka tabo ya petroli kati ya 11 na 12 ikiwa busti kamili, juu mafuta ya ziada hupoza moto na kuzuia kunoki.

Ukienda Grogan kuchomelewa shimo la sensa, ambia fundi aiweke baada ya tabo, kabla ya katalisti, na iinamie ili maji yasiingie ndani. Usiiache kwa ekzosi bila stima, itakufa. Na kama ekzosi inavuja kabla ya sensa, ama plagi inamisi, geji itasoma kukavu, yaani mafuta kidogo, kumbe ni uongo. Ziba kwanza, ndio utuni.

Alafu kuna hii watu husahau. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Mombasa hewa ni nzito, so injini inaingia pande ya mapu yenye tuna wako hajawahi guza. Kama unashuka Coast, beba laptopu, rekodi kila kitu, na kuanzia Mtito Andei kanyaga polepole ukicheki. Geji ikipanda 12.5 ukiwa kwa busti, toa mguu hapo hapo, alafu mtumie tuna wako hiyo rekodi kabla hujakanyaga tena.