Mvua ya radi ‘isiyo kali’ pia huua

MVUA zinapoanza, wengi wetu hutega sikio redioni tusikie iwapo zitakuwa kali. Tukiambiwa ni za kawaida, tunaendelea na shughuli zetu bila hofu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu neno ‘kali’ katika lugha ya wataalamu wa hali ya hewa halina maana unayodhania.

Kwanza, mvua ya radi ni nini? Mtazamaji katika kituo cha hali ya hewa huandika kwamba kuna mvua ya radi pindi anaposikia ngurumo, hata kama hakuna tone lililoanguka. Akiona umeme kwa mbali bila kusikia ngurumo, haihesabu.

Mvua hii hutokana na hewa yenye joto na unyevu inayopanda juu kwa kasi. Ndani ya wingu, chembe za barafu hugongana na kuzalisha umeme. Ndiyo maana nyanda za juu za Kisii, Kericho na Nandi, zinazopokea upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria, hupata ngurumo mara nyingi wakati wa alasiri.

Aina zake

Wataalamu hutenga aina kadhaa. Kuna wingu moja linalodumu kati ya nusu saa na saa moja, kisha likaisha. Kuna mawingu yanayofuatana au kujipanga mstari, ambayo huweza kunyesha kwa saa nyingi. Aina ya tatu, ambayo ni adimu, ni wingu kubwa ambalo hewa yake hupanda huku ikizunguka. Hilo ndilo huleta vimbunga vya nchi kavu vilivyo hatari zaidi.

Kuhusu ukali, kipimo kinachojulikana sana ni cha Marekani. Huko, mvua ya radi huitwa kali ikiwa na upepo wa kilomita 93 kwa saa au zaidi, au mawe yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi, au ikileta kimbunga. Kabla ya 2010, mawe ya sentimita 1.9 yalitosha. Mawe madogo kuliko hayo huweza kuharibu majani chai kule Kericho, lakini kwa kipimo hicho mvua hiyo si kali.

Je, umeona kilichokosekana? Radi yenyewe haimo. Kila mvua ya aina hii ina radi, kwa hivyo radi haiwezi kutumiwa kutenganisha iliyo kali na isiyo kali. Lakini pigo moja tu linatosha kusimamisha moyo wa mtu.

Ufanye nini?

Usingoje mvua ikufikie. Radi inaweza kupiga kilomita 10 au zaidi kutoka mahali inaponyesha. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa 30 au chini, uko hatarini. Hata usipohesabu, ukisikia ngurumo ingia ndani ya jengo imara, au ndani ya gari lenye bodi ya chuma na ufunge madirisha. Usijikinge chini ya mti wala kwenye kibanda kilicho wazi. Ukiwa nyumbani, usioge wala kuosha vyombo, na usiguse vifaa vilivyounganishwa na stima. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mtu akipigwa na radi, usiogope kumgusa. Mwili wake haubaki na umeme. Piga simu 999 au 112, na ikiwa radi bado inapiga, muondoeni hapo mlipo wazi. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na umpulizie pumzi mdomoni ikiwa umefunzwa. Usikate tamaa mapema, maana moyo huweza kuanza tena kupiga kabla ya pumzi kurejea.

Takriban watu 9 kati ya 10 wanaopigwa na radi hunusurika, lakini wengi hubaki na matatizo ya masikio, maumivu ya neva au kusahausahau. Kwa hivyo hata anayeinuka na kutembea mwenyewe anafaa kupelekwa hospitalini akaonwe na daktari.