Samaki Anakunywa Maji ao Hapana?

Wadogo wetu wa darasa la kwanza na la pili, siku ya Posho tutahamisha watoto wa tilapia toka bwawa la zamani mpaka bwawa jipya. Munakumbuka mara iliyopita: kisha siku tatu ine wengi walikufa, na kitu cheupe kama pamba kwenye mbavu. Kuko waliosema ni sumu, wengine wakasema ni ulozi. Sisi wa darasa la sita tunaona jawabu liko katika mwili wa samaki mwenyewe.

Kwanza mujaribu hivi. Mukate vipande viwili vyembamba vya kiazi kibichi. Kimoja mukitie katika maji ya kunywa, kingine katika maji yenye chumvi nyingi. Kisha masaa mawili mukamate kwa vidole: cha kwanza ni kigumu, cha pili kimelegea kama kitambaa. Maji ilitoka ndani ya kiazi na kufuata chumvi. Njo sheria yote: maji inapita katika ngozi nyembamba na kuelekea pale chumvi ni nyingi.

Sasa, ndani ya Ziwa Tanganyika lita moja ya maji haina hata gramu moja ya chumvi. Damu ya samaki iko na chumvi kupita pale sana. Kwa hiyo maji inaingia ndani yake bila kuitwa, sana sana katika mashavu, zile nyuzi nyekundu anazopumulia. Hawezi kufunga mlango huo, angekosa pumzi. Afanye nini asivimbe? Hanywi, ao anakunywa kidogo tu. Mafigo yake yanatoa mukojo mwingi, mwepesi kama maji, usiku na mchana. Na chumvi inayopotea anairudisha kwa chakula, na kwa chembe za mashavu zinazokamata chumvi ndani ya maji. Kazi hiyo inakula nguvu, haina pumziko.

Samaki wa bahari iko na shida ya kinyume. Lita moja ya bahari inabeba karibu gramu 35 za chumvi, na damu yake haifiki hata nusu ya pale. Maji inamutoka. Yeye yuko katikati ya maji na kiu inamuua! Basi anakunywa bahari. Katika mwaka 1930 mwalimu mumoja wa Marekani, Homer Smith, alionyesha jambo hilo: alitia rangi ndani ya maji ya bahari, halafu akaikuta katika matumbo ya samaki, tena imekolea, kwa sababu maji ilikuwa imefyonzwa. Chumvi nyingi inatupwa inje kwa njia ya mashavu. Sisi watu hatuna mashavu, na mafigo yetu hayawezi kutoa mukojo wenye chumvi kupita bahari. Njo maana mutu akinywa maji ya bahari kiu inazidi.

Mutu atauliza: na makayabo? Wengi wanafikiri ina chumvi juu samaki yule alitoka baharini. Hapana. Angali muzima nyama yake haikuwa na chumvi hivyo. Chumvi ile ni ya watu, walimupaka ili maji imutoke asioze. Ni kiazi chetu tena.

Turudi kwa bwawa. Magamba na ule utelezi unaowachukiza ndivyo vinavyozuia maji kuingia mwili muzima. Ukimukamata kwa mukono mukavu, ao akigaragara katika majani, utelezi unatoka. Maji inaingia kwa kidonda, chumvi inatoka, anachoka. Kuvu anapata nafasi, na ile pamba inaota. Ulozi hakuna.

Kwa hiyo siku ya Posho mikono iloweshwe kwanza. Tutumie wavu laini, hapana kikapu. Samaki asiwekwe chini hata kidogo. Ndani ya beseni tutatia chumvi ya jikoni, gramu tatu ao tano kwa lita moja, maana hapo maji inapunguza kumuingilia naye anapumzika. Wale wa kupima chumvi wamekwisha kuchaguliwa. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu ya asubui, mbele jua haijapanda. Mabeseni yako nyuma ya jikoni.